Usiku wa saba utalala wapi? Kuhusu kutoa tonsili ukubwani

SWALI: Daktari, salamu kutoka Malaba, upande wa Uganda. Nina miaka 32 na ni wakala wa forodha hapa mpakani, kazi ya kuongea na madereva na maofisa tangu asubuhi hadi usiku. Mafindofindo yananisumbua tangu nikiwa sekondari, ila miaka hii miwili yamezidi. Mwaka jana niliugua mara tano, na mwaka huu kabla haujaisha nimeshaugua mara nne. Kila mara nanunua vidonge dukani, siku ya tatu napata nafuu, naendelea na kazi. Mume wangu anasema tonsili zitolewe. Rafiki yangu anasema hizo hutolewa watoto, mtu mzima damu haikatiki. Mama mkwe, aliye ng'ambo upande wa Kenya, anasema shida ni kimeo na anamjua fundi wa kukikata. Bosi naye anasema akinipa siku tatu zinatosha. Nifanye nini? Halafu nilisahau: mwezi Machi mdomo ulikataa kabisa kufunguka, nikapelekwa hospitali wakanitoa usaha kwa sindano, nikapona.

JIBU: Dada yangu, umeandika mengi, kisha la maana kuliko yote ukalitupa mkiani, baada ya "nilisahau". Mdomo kukataa kufunguka na usaha kuvutwa kwa sindano si mafindofindo ya kawaida. Hilo lilikuwa jipu. Usaha ulijikusanya nyuma ya tonsili, katikati ya tonsili na misuli ya koo, na misuli ya taya iliyo jirani ikakaza. Nina hakika sauti yako siku hiyo ilikuwa ya mtu anayesema na tonge mdomoni, na mate ulikuwa unayatema kwa sababu hayamezeki. Mtu aliyewahi kupata jipu hili, na ambaye tayari ana historia ya mafindofindo ya kujirudia, yuko karibu zaidi na jipu la pili kuliko yule aliyepata jipu bila historia hiyo.

Lisingekuwapo jipu la Machi, ningekuambia usubiri kwanza. Kwa kuwa lipo, naegemea upande wa mume wako. Lakini nina masharti, na sharti kubwa halihusu kisu wala daktari. Linahusu mahali utakapolala usiku wa saba baada ya kupasuliwa. Tutafika huko. Kwanza tuhesabu.

Vigezo ambavyo madaktari wengi wa masikio, pua na koo hutumia vilitoka Pittsburgh, Marekani, katika utafiti ambao Jack Paradise na wenzake walichapisha mwaka 1984. Vinasema tonsili zifikiriwe kutolewa kama mtu ameugua mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo. Utafiti ule ulikuwa wa watoto. Sisi tunaotibu watu wazima tumeviazima kwa kukosa vingine vilivyo bora. Wewe una tano na nne. Umesimama mlangoni.

Swali ni tano na nne za nini. Koo linalowasha pamoja na mafua na kikohozi mara nyingi ni virusi, na haliingii kwenye hesabu hata kama lilikulaza siku mbili. Tunachohesabu ni lile koo lililokuja na homa kali, tezi za shingo zilizovimba na kuuma ukizigusa, madoa au utando mweupe juu ya tonsili, na bila kikohozi. Mtu fulani lazima awe amelitazama na kuliandika. Hapa ndipo wagonjwa wangu wengi wanapokwama. Wanakwenda duka la dawa, anayeuza anaitwa musawo kama tunavyoitwa sote, awe daktari, muuguzi au kijana aliyeachiwa duka na shangazi yake. Anauliza "koo?", anahesabu vidonge, anafunga kwenye karatasi. Hakuna aliyewasha tochi.

Au wanakwenda kituo cha afya na homa, wanatobolewa kidole, kipimo cha malaria kinaonyesha ndiyo, wanatibiwa malaria. Katika eneo kama wilaya yenu ya Tororo, ambako malaria ni nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huohuo kinachomchemsha ni koo. Kidole kimeangaliwa, koo halikuangaliwa. Siku ya tatu homa inashuka, kila mtu anaridhika, na mwaka unaingia kwenye kumbukumbu kama mwaka wa malaria. Huenda basi zako ni zaidi ya tisa.

Lakini huenda pia ni pungufu, na hili usilichukulie vibaya. Unasema siku ya tatu unapata nafuu na kurudi kazini. Sijui kama vidonge navyo vinaachwa siku hiyo ya tatu, ila nimewaona wengi wanaofanya hivyo. Bakteria wa koo wanaotutia wasiwasi, streptokokasi wa kundi A, wanahitaji dawa jamii ya penisilini kwa siku 10, au sindano moja ya benzathini penisilini kwenye msuli. Ukikatiza siku ya tatu maumivu yamekwisha, bakteria hawajaisha. Baada ya wiki mbili au tatu koo linarudi na wewe unaandika "mara ya pili", kumbe ni lile la kwanza lililopumzika. Inawezekana kati ya hizo tisa, mbili au tatu ni ugonjwa uleule.

Kwa hiyo kabla ya yote nunua daftari la kurasa 48, lilelile tunalobeba kila hospitali ya serikali. Andika kila tukio unalolikumbuka: mwezi, homa au hapana, nani aliangalia koo, dawa gani, siku ngapi. Tukio la Machi liandike ukurasa wa kwanza, na kama ulipewa fomu ya kutoka hospitali, ibandike hapo. Daktari wa upasuaji anayekutana nawe mara ya kwanza ataamini daftari kuliko kumbukumbu yako, hata kama kumbukumbu yako ni nzuri.

Nikiwa bado kwenye bakteria hao, niseme jambo ambalo vitabu vya Ulaya siku hizi hulipitia haraka na sisi Uganda hatuwezi kulipita hivyo. Koo lisilotibiwa vizuri linaweza kuwasha homa ya baridi yabisi ya moyo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na vali za moyo zikaharibika kimyakimya. Utafiti mkubwa kuhusu hili ulifanyika hapahapa kwetu, Gulu: watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huo kwenye vali zao. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 0.8% ya waliochomwa penisilini kila baada ya wiki 4, na kwa 8.2% ya wasiochomwa. Nakutajia haya kwa sababu mbili. Kwanza, watu huniambia wanatoa tonsili "kulinda moyo". Kinacholinda moyo ni penisilini. Pili, kama una watoto nyumbani wanaolalamika koo, wasigawiwe mabaki ya vidonge vyako. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kuambiwa moyo una sauti isiyo ya kawaida, liseme hilo mapema. Utapimwa moyo kwa ultrasaundi kabla ya kulazwa usingizi.

Sasa mama mkwe. Mheshimu, mshukuru, na usiende kwa fundi wake. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, nyuma ya kaakaa. Tonsili ni mbili, ziko pembeni, kushoto na kulia. Kukata kimeo hakugusi tonsili hata kidogo, kwa hiyo hata kama fundi angekuwa na mkono wa malaika, mafindofindo yako yangebaki yalipo. Nimewapokea watu wazima na watoto waliokatwa kimeo wakiwa wametoka damu hadi kiganja kimekuwa cheupe, na wengine wakiwa na maambukizi shingoni. Wembe unaopita kinywa hadi kinywa unaweza pia kupitisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Nadhani najua imani hii inakodumishwa: koo likivimba, kimeo nacho huvimba na kurefuka, mtu anakiona kwenye kioo kimegusa ulimi na anakipa lawama yote. Siku ya jipu lako kilikuwa kimesukumwa upande mmoja, na aliyekitazama bila kujua angeapa kwamba hicho ndicho adui.

Rafiki yako amekosea kuhusu umri, ila kuhusu damu hakukosea sana. Watu wazima wanatolewa tonsili, wa miaka 20, 32, hata 50. Ni kweli kwamba wanaumia zaidi na muda mrefu zaidi kuliko watoto, na ni kweli kwamba wanatoka damu mara nyingi zaidi. Mwaka 2003 na 2004 hospitali za Uingereza zilifuatilia wagonjwa zaidi ya 33,000 wa umri wote waliotolewa tonsili. Wale waliotoka damu kiasi cha kuzuiwa kuondoka hospitali, kurudishwa wodini, kuongezewa damu au kupasuliwa tena walikuwa 3.5%. Watu wazima walikuwa juu ya wastani huo. Njia ya kupasua nayo ilikuwa na uzito wake: vyombo vya umeme vinavyochoma vilifuatiwa na damu ya baadaye mara nyingi kuliko mkasi na kamba za kawaida. Kwa hiyo ukiambiwa hospitali yenu haina mashine ya kisasa, usisikitike. Mkono uliozoea chombo chake ndio wa kuutafuta.

Utafiti unaokuhusu zaidi ulichapishwa mwaka 2023, nao wa Uingereza, kwa watu 453 wa miaka 16 na zaidi katika hospitali 27. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakasubiri na kutibiwa kila walipougua. Katika miezi 24, ukiwapanga kwa wingi wa siku, mgonjwa wa katikati kwenye kundi la waliopasuliwa alikuwa na siku 23 za maumivu ya koo; kwenye kundi la waliosubiri, siku 30. Na kati ya 231 waliofuatiliwa kwa madhara upande wa upasuaji, 44 walitoka damu, yaani karibu mmoja kati ya watano.

Soma namba hizo taratibu. Siku 23 si sifuri. Upasuaji unapunguza siku za koo, hauzifuti, maana koo lina nyama nyingine za kuugua na mafua hayaombi ruhusa kwa tonsili. Ambao ndugu zao walipona "kabisa kabisa" wapo, nami ninao, lakini sikuuzii hiyo. Na tofauti ya siku 7 katika miaka miwili, kwa mtu ambaye hajawahi kupata jipu, mimi binafsi siioni kubwa ukiiweka kwenye mizani pamoja na wiki mbili za maumivu na hatari ya damu. Kwako mizani inainama kwa sababu ya Machi. Jipu lingine linaweza kukukuta safarini, usiku, mdomo umefunga, na linaweza kushuka shingoni.

Kabla hujaamua, simama mbele ya kioo ukiwa mzima, hujaugua kwa wiki mbili au tatu, fungua mdomo, mulika kwa simu. Tonsili zako zinafanana ukubwa? Kama moja ni kubwa waziwazi kuliko nyenzake, au ina kidonda kisichopona, au sikio la upande huo linauma bila sababu, au shingoni kuna uvimbe mgumu, au umepungua mwili, basi hatuzungumzii tena mara ngapi kwa mwaka. Hapo tonsili inatolewa ichunguzwe kwenye maabara ya patholojia, kwa sababu saratani ya tonsili na limfoma, yaani saratani ya tezi, huanza hivyo kwa watu wazima. Hata bila dalili hizo, uliza mapema kama nyama itakayotolewa itapelekwa kuchunguzwa. Na pima virusi vya Ukimwi, kwa heshima zote. Virusi hivyo vinaweza kuvimbisha tonsili na tezi, na nimemwona mtu akihangaishwa na koo mwaka mzima, kisha jibu likawa kwenye kipimo cha dakika kumi na tano ambacho hakuna aliyethubutu kumtajia.

Wapi? Kutoka Malaba hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo njiani kwako ni Mbale. Kituo cha afya cha daraja la nne kinaweza kufanya upasuaji wa uzazi, lakini hili si lake. Pata barua ya rufaa, nenda kliniki ya masikio, pua na koo ukiwa na daftari, na kabla ya safari piga simu kuhakikisha daktari bingwa yuko kazini wiki hiyo. Njia nyingine ni Mulago, Kampala, ambako foleni ni ndefu na kuna wodi ya kulipia kwa anayeweza. Tangu mwaka 2001 matibabu katika hospitali za serikali hayatozwi ada nje ya wodi za kulipia, lakini wote tunajua mgonjwa hutumwa kununua glavu, dripu au dawa ambazo stoo imeishiwa. Uliza orodha hiyo siku ya kliniki, usingoje kupewa asubuhi ya kisu. Hospitali binafsi zikikutajia bei moja, uliza: ndani yake kuna daktari wa usingizi, dawa za kwenda nazo nyumbani, kipimo cha patholojia? Nikitoka damu siku ya saba nikarudi, nalipa upya? Swali hilo la mwisho huwafanya baadhi yao wakohoe.

Vipimo vya kabla ni vya kawaida: wingi wa damu, kundi la damu, kuganda kwa damu ukisema unatoka michubuko ovyo au hedhi yako ni nzito mno, mimba, shinikizo la damu. Uliza pia selimundu, ule ugonjwa wengi wanauita siko seli, kama hujawahi kupimwa. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta 13.3% ya watoto waliopimwa nchini wana nusu yake, yaani wameirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kuumwa. Wa nusu kwa kawaida hana shida kwenye usingizi, ila daktari wa usingizi anataka kujua, na mwenye ugonjwa kamili anaandaliwa tofauti. Aspirini iache mapema kadiri atakavyokuelekeza. Taja na dawa za mizizi unazokunywa, hakuna atakayekucheka.

Siku yenyewe ni fupi kuliko hofu yake. Hutakula kwa saa sita kabla. Unalazwa usingizi kamili, ile nusukaputi, mrija unapita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, mdomo unashikiliwa wazi kwa chuma, na tonsili zinatenganishwa na misuli yake moja baada ya nyingine. Dakika thelathini hadi saa moja. Hakuna mkato nje. Kama una jino linalotikisika, liseme. Ukiamka taya litauma na ulimi unaweza kufa ganzi kidogo kwa siku kadhaa, kwa kuwa kile chuma kiliukandamiza.

Halafu watu wanaondoka hospitali kesho yake wakijisikia si vibaya, wanadhani wamemaliza. Hawajaanza. Pale tonsili zilipokuwa hapashonwi. Panaachwa kidonda wazi, na siku moja au mbili baadaye kinajifunika kwa utando mweupe wa manjano unaonuka. Huo si usaha. Utando huo ndio kigaga cha mdomoni, na usiende kuuonyesha dukani ukauziwa dawa nyingine. Maumivu hupanda badala ya kushuka, siku ya tatu hadi ya sita au ya saba ndiyo mbaya, na masikio yatauma sana ingawa ni mazima, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia koo unahudumia sikio pia. Paracetamol gramu moja kila baada ya saa sita, isizidi gramu nne kwa siku, na ibuprofeni ikiwa daktari wako ameiruhusu. Meza kwa saa, usingoje maumivu yakukumbushe. Anayengoja hawezi tena kumeza hicho kidonge.

Kati ya siku ya 5 na ya 10 kigaga kinaanza kubanduka, na chini yake kuna mishipa midogo ya damu iliyo mipya. Ndipo damu hutoka. Mara nyingi usiku. Sasa umeelewa kwa nini nakuuliza usiku wa saba utalala wapi. Kutoka Malaba hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 50, na barabara yenu usiku unaijua kuliko mimi: malori yamesimama pande zote mbili, na gari la kukodi halipatikani saa nane za usiku kwa simu moja. Miaka kadhaa iliyopita nilimpasua mwalimu mmoja, mtu mzima makini. Alipona vizuri, siku ya sita akarudi kijijini kwa sababu kulikuwa na mtihani. Usiku uliofuata aliamka akimeza kitu cha chumvi. Alidhani ni mate. Alimeza kwa saa mbili, kisha akatapika damu nyeusi ndoo nusu. Alifika, tukamrudisha chumba cha upasuaji, akaongezewa damu, yu hai na anafundisha. Lakini alifika kwa bahati ya jirani mwenye pikapu. Tangu hapo sitoi tarehe ya upasuaji kabla mgonjwa hajaniambia atalala wapi siku kumi na nne za mwanzo.

Kwa hiyo kama una ndugu Mbale, mjini, hata awe wa mbali, huu ndio wakati wa kukumbuka undugu. Kaa kwake wiki mbili. Lala kichwa kimeinuka, na awepo mtu chumba kimoja nawe anayejua kwamba mtu anayemeza mate mfululizo akiwa usingizini anapaswa kuamshwa na kumulikwa mdomo. Ukiona damu mbichi, hata kijiko kimoja, kaa wima, inama mbele, tema kwenye beseni ili ijulikane kiasi gani, usimeze, sukutua kwa maji ya baridi, na uondoke kwenda hospitali wakati huohuo hata kama imekatika. Damu ndogo inayokatika yenyewe mara nyingine ndiyo hodi ya ile kubwa. Uende kwa gari, na mtu kando yako. Boda boda si ya safari hiyo. Ukizimia nyuma ya dereva hana mkono wa kukushika. Vifo kutokana na upasuaji huu ni adimu sana, na vile vinavyozuilika huzuilika kwa kufika mapema.

Chakula. Zamani tuliwaambia wagonjwa wanywe supu tu, na bado utasikia hivyo. Tafiti hazijaonyesha kwamba anayekula chakula cha kawaida hutoka damu zaidi, na kutafuna husaidia misuli ya koo isigande. Anza na uji uliopoa, matooke laini, mtindi, ndizi mbivu. Ukiweza kutafuna chapati siku ya nne, tafuna. Epuka pilipili, vitu vya moto sana, machungwa na pasheni, ambavyo vitakuunguza tu. Kunywa maji hata yakikuliza. Koo kavu huuma zaidi, na wagonjwa ninaowarudishia dripu karibu wote ni wale walioacha kunywa. Waragi, sigara na mairungi (miraa), kama vimo, vipishe wiki hizo mbili. Na usisukutue kwa nguvu wala kujaribu kukwangua ule weupe kwa mswaki. Nimeona hilo pia.

Bosi wako na siku zake tatu: siku ya tatu ndiyo unaanza kuumia. Unahitaji wiki mbili, na kwa kazi ya kupaza sauti katikati ya malori ningependelea uanze wiki ya tatu kwa makaratasi tu. Ikiwa umeajiriwa na umeshatimiza mwezi mmoja kazini, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwa ugonjwa, alimradi umjulishe mwajiri na uwe na cheti cha daktari akikihitaji. Omba cheti hicho siku unayoruhusiwa kuondoka wodini, kiandikwe siku 14. Sauti yako haitapotea. Inaweza kusikika tofauti kidogo mwanzoni kwa kuwa nafasi kooni imeongezeka, kisha wewe na wenzako mnazoea. Kuhusu kinga ya mwili, kwa mtu wa umri wako hakuna upungufu wa maana, kazi hiyo hufanywa na tezi nyingine nyingi.

Chagua tarehe ambayo hujaugua koo kwa wiki tatu hivi, na isiangukie msimu wa mizigo mingi, usije ukashawishika kurudi siku ya sita kama mwalimu wangu. Koo likikuvimba tena kabla ya hapo, nenda lionwe, maliza siku zako kumi za dawa, uandike. Na mdomo ukianza kukaza tena kama Machi, usisubiri kliniki wala tarehe, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa umepata ndugu wa Mbale, mwombe namba za madereva wawili wenye magari wanaokubali kuamshwa usiku, uziandike kwa kalamu nene kwenye jalada la daftari.